Asiimwe Aletwe Nyumbani

Kayanga, 4 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakusikiliza siku hizi. Mimi mzima, ila leo kalamu inanikimbia kwa furaha. Kwa simu tungekatika katikati; mtandao wa Bugomora naujua.

Kaka Jasson na mkewe Gloriose wanakuja nyumbani na mtoto! Moyo wake, kama nilivyokuambia, haukuumbika vizuri, na madaktari wamekubaliana kwamba hautibiki. Hatakaa nasi sana. Lakini Gloriose alimwuliza daktari, "Kama ni siku chache, kwa nini azimalizie kwenye mashine?" Wodi yetu ya watoto wachanga haijawahi kumruhusu mtoto wa namna hii aende kwao. Nimeomba, nikaomba tena, na jana wamekubali, mimi nikiwa muuguzi wa kumfuatilia. Niliruka kama msichana wa shule.

Mpakateni kifua kwa kifua. Maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo. Akihema kwa shida, mpeni ile dawa ya matone aliyonayo Gloriose. Ni ya kumwondolea maumivu na kumtulizia pumzi, si ya kumponya. Na tafadhali, Mama, watu wasinong'one mbele yake kana kwamba ameshakufa.

Mwanao,
Kemirembe

Bugomora, 13 Machi 2025

Mwanangu Kemirembe,

Marahaba. Hujambo huko? Goti lina ukaidi wake, lakini nani ana nafasi ya kulisikiliza?

Majirani walinishauri tusimpe jina wala kumtoa nje, mama yake asije akamzoea. Gloriose akawajibu kwa upole kwamba ameshamzoea tangu tumboni, na jina lake ni Asiimwe. Basi tumemtoa! Amewaona ng'ombe wa jirani Mwesigwa wakienda majini. Mvua ilipopiga bati alifumbua macho yote mawili, akageuza kichwa, nami nikapiga kigelegele peke yangu jikoni. Siku moja alihema vibaya, midomo ikabadilika rangi. Nilimpa matone; akatulia, akalala.

Jasson ndiye anayeniumiza moyo. Anachanja kuni za mwaka mzima ili asiombwe kumpakata.

Mchungaji anakuja kumbatiza Jumapili. Nataka kupika, nialike watu. Je, ni wazimu kumfanyia sherehe mtoto anayeondoka?

Mama yako,
Felicitas

Kayanga, 14 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Barua yako aliyoileta mtu wa bodaboda nimewasomea wenzangu wodini, wakakupigia makofi. Alika watu! Nitakuja Jumapili asubuhi kwa bodaboda, na kofia nimeshamfumia.

Sasa lililo gumu. Siku ikifika, pumzi zitaanza kuachana, mikono na miguu itapoa. Msimkimbize Kayanga. Hakuna tutakachomfanyia hapa kitakachozidi kifua cha mtu wake. Jasson msimlazimishe, ila mwambieni hawezi kumvunja.

Mwanao,
Kemirembe

Bugomora, 2 Aprili 2025

Mwanangu,

Hujambo? Natumaini ulifika salama na umepumzika. Siku ya mazishi hatukupata pa kuzungumzia, kwa hiyo nakueleza sasa alivyoondoka.

Ilikuwa mchana, tunamenya ndizi. Pumzi zikaanza kuachana. Gloriose alimwita Jasson kutoka kibanjani kwenye migomba, naye akaja na udongo mikononi, akasimama mlangoni. Nikamwambia, "Huwezi kumvunja." Akanawa, akavua shati, akamweka kifuani. Akaanza kumsimulia habari za shamba: mgomba upi umezaa, ng'ombe yupi ana mimba. Sijawahi kumsikia mwanangu akisema maneno mengi hivyo. Asiimwe aliondoka baba yake akiwa katikati ya simulizi, na baba akaendelea mpaka akaimaliza.

Tumelia, bado tunalia. Lakini leo lazima nikuambie hili! Mukantabana wa bondeni amejifungua binti, wakaambiwa maneno yale yale tuliyoambiwa sisi, wakarudi naye. Mumewe amekuja hapa asubuhi. Hakunitaka mimi wala mchungaji. Alimwuliza Gloriose, "Ninyi mlifanyaje?"

Gloriose, ambaye tangu mazishi alikuwa hajavuka ua, alijifunga kanga akatoka naye. Jioni nimeenda kuchungulia. Amekaa kitandani na Mukantabana, anamwonyesha namna ya kumlaza mtoto kifuani, na nimewasikia wakicheka, Kemirembe, wote wawili.

Barua hii inakuja na bodaboda usiku huu. Wanakuhitaji. Chukua dawa, uje kesho.

Mama yako,
Felicitas