Githeri Alikuwa Akiita Watu

Senge,

Mwalimu wangu wa Kiswahili angelikata neno hilo kwa kalamu nyekundu na kuandika "Shangazi". Lakini shangazi ni mtu wa kwenye insha. Wewe ulikuwa Senge, dada mkubwa wa Baba, na sijui kukuita vingine hata sasa ambapo huitiki.

Nianze na habari, maana ulichukia barua zinazoanza kwa kulia. Nyumba yako ya Kiamunyi imepangishwa. Waliohamia wamepaka ukuta rangi ya kijani na kung'oa sukuma wiki yako yote. Cherehani iko kwa mke wa Anko Musa, ambaye hata kutunga uzi kwenye sindano hajui. Vitabu nilichukua mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyevitaka. Wewe mwenyewe walikupeleka magharibi, kwenye boma la ukoo, wakakuzika nje ya ua, kwa kuwa hukuolewa. Wazee walisema ndivyo mambo yalivyo. Nilisimama pale kaburini nikawaza kwamba hata mbwa wa boma lile hulala ndani ya ua.

Na mbwa wako Githeri nimempeleka. Hiyo ndiyo habari niliyotaka kukupa, na sijui kama utaipenda.

Nilikuwa bado bwenini shuleni mambo yalipotokea, kwa hiyo nimeyasikia tu. Ulianguka jikoni, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, na Githeri akiwa nje. Alilia usiku huo, akalia na uliofuata. Si kubweka, Senge, ni kule kulia kwa kuinua shingo. Majirani wote walisikia. Baba Shiru wa ploti ya pili alimrushia mawe juu ya ua. Mawe yalipokosa kumnyamazisha, akaleta maji ya moto. Mama Shiru akampigia Baba simu: "Ambia dada yako afunge hiyo mbwa mdomo, hatulali huku!" Baba akasema atapita wikendi. Alikupigia, hukushika, akadhani umemkasirikia kama kawaida yenu.

Aliyekukuta ni mama wa maziwa, alipoona maziwa ya jana bado yananing'inia langoni.

Daktari alimwambia Baba jambo, na Baba akamwambia Mama wakidhani niko bafuni. Hukufa siku ulipoanguka. Kiharusi kilikulaza tu sakafuni. Ulikuwa hai wakati wa mawe. Huenda ulikuwa hai wakati wa maji ya moto. Nimejaribu kutoandika hilo nikashindwa.

Sasa sikia walichosema. Tulipotoka mazishini tulirudi Kiamunyi kugawana vitu vyako. Mama Shiru akaja kutupa pole. Akaketi kwenye kiti chako, akanywa chai kwenye kikombe chako, akasema, "Lakini hii mbwa ndiyo iliita kifo. Ililia mpaka kikakuja." Watu wakatikisa vichwa. Mmoja akasema hata kwao iliwahi kutokea. Githeri alikuwa amelala chini ya tangi la maji, mgongo umechubuka, ngozi nyekundu mahali palipokuwa na yale madoa ya mahindi na maharagwe yaliyompa jina.

"Hiyo ni kazi rahisi," Anko Musa akasema. "Matumbo kidogo, sumu kidogo. Mbwa ikizoea kuita watu haiachi."

Nilimtazama Baba. Baba alitazama kikombe chake.

Unanijua. Darasani nikijua jibu hulikalia mpaka mwingine alikosee. Lakini nilisikia sauti ikisema, "Nitampeleka mahali," na ilikuwa yangu.

"Ai! Bubu ameongea!" Anko akacheka, wote wakacheka naye. "Peleka basi, professor. Jumapili nikiipata hapa, ni yangu."

Jumamosi asubuhi mimi na Githeri tuliondoka kwa njia yetu ya matembezi. Unakumbuka vijana wa boda pale steji? "Niaje mathe, leo mbwa inawapeleka wapi? Mnatembeza mbwa kama wazungu na hata gari hamna!" Nawe ulikuwa ukijibu bila kupunguza mwendo, "Inanipeleka kanisani kuwaombea nyinyi." Safari hii hawakutania. Mmoja alisema polepole, "Ndiyo hiyo," akasogeza pikipiki yake tusipite karibu.

Kwenye machimbo ya zamani upepo umevihamisha vile vilima vya mchanga, hata kile ulichokiita Kitambi cha Chifu hakipo tena. Githeri hakubiringika kama zamani. Ulikuwa ukimcheka akitoka chini mweupe kama aliyetumbukia kwenye unga. Safari hii alipita pembeni, taratibu, akihofia mgongo. Mchanga ulijaa viatuni mwangu na sikusimama kuutoa, kwa sababu nilijua nikikaa chini sitainuka.

Kisha vichaka vya leleshwa. Bonde zima la kijivu, na ile harufu. Hapo ndipo uliponipokonya kitabu mkononi mara ya kwanza, ukasugua jani na kunipachikia puani. "Toa pua kwenye karatasi uiweke hapa." Halafu ukajisugua makwapani, mwanamke mzima, ukasema haya ndiyo manukato yanayokutosha. Nilichuma jani. Nilishindwa kulisugua. Nimelirudisha nyumbani likiwa zima na sasa limekauka halina harufu yoyote.

Msituni ndiko kulikonichoma zaidi. Unajua desturi ya Githeri: kila njia ilipogawanyika alisimama kutungoja. Alisimama. Akatazama nyuma. Hakuwa ananitazama mimi. Alitazama nyuma yangu.

Nilikuwa nampeleka kwa Kogo, yule bibi mjane wa ng'ambo ya msitu aliyekuwa akitupa chai ya maziwa ya mbuzi. Sikuwa na mahali pengine. Nikikataliwa pale, ningerudi naye kwenye matumbo ya Anko Musa.

Kogo aliuliza, "Mama yuko wapi leo?" Siku zote alidhani wewe ni mama yangu, na hukuwahi kumsahihisha. Nikamwambia. Akaweka mkono kichwani mwangu. Kisha akatazama mgongo wa Githeri.

"Nani ameichoma?"

"Jirani."

"Kwa nini? Imeiba?"

"Alikuwa analia usiku."

Kogo akarudi nyuma kidogo. "Inalia usiku?"

Senge, ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na hapana mdomoni. Lakini wewe ulinifundisha kwamba mtu akikupa chai humdanganyi. Nikasema, "Analia. Senge alikuwa ameanguka ndani, na yeye alikuwa anaita watu. Watu hawakuja."

Nikaanza kuikunja kamba mkononi.

"Watoto wangu wako Olkaria, kazi ya stima," Kogo akasema. "Wanakuja Krismasi. Mimi nikianguka hapa, ni mbuzi watasema? Lete hiyo kamba."

Akamfunga kwenye nguzo ya zizi. Nilipoinama kuaga, akanizuia. "Usimshike. Na usirudi hapa haraka. Akikuona atakufuata, na huko kwenu si ndiko alikochomwa?"

Kwa hiyo sikumuaga. Nilipanda kilima. Nilipofika miti ya kwanza akaanza kulia, mchana kweupe, shingo juu. Ndiyo sauti iliyosikika Kiamunyi nzima. Safari hii ilikuwa ikiniita mimi. Na mimi nilifanya walivyofanya wote: niliisikia nikaenda zangu. Niliisikia msitu mzima.

Baba alikuwa langoni. "Imeisha?" akauliza.

Nilipita. Sijamjibu hadi leo, naye hajarudia swali. Siku hizi mbwa yeyote akilia mtaani kwetu, Baba huongeza sauti ya redio.

Nimemaliza, Senge. Pumzika huko nje ya ua wao. Siahidi makubwa. Kwa Kogo sitakwenda mpaka mgongo wa Githeri uote manyoya naye awe amenisahau, na nikifika asiponijua nitakunywa chai yangu nirudi. Ila hili naliahidi. Mbwa akilia usiku, popote nitakapokuwa, nitavaa viatu. Mimi ninayeogopa hata kuomba chaki, nitabisha mlango wa watu. Wakinitukana, wanitukane. Nitabisha mpaka mtu ajibu, na asipojibu nitauvunja.

Mtoto wa ndugu yako, yule uliyemwacha aitwe wako,
Nekesa