Kijiko Kwenye Komeo

Hancock, Michigan, 9 Januari

Mdogo wangu Reino,

Habari za Detroit? Sisi hatujambo, ila theluji imefika dirishani. Mama anakula vizuri, na bado ananiita kwa jina la marehemu shangazi.

Lile komeo la mota ulilotufungia mlangoni ili Mama asitoke usiku limetuponza. Juzi barafu iliziba tundu linamoingia komeo. Mota ikanguruma weee, komeo halikwenda popote, na taa ya kijani ikawaka kana kwamba mlango umefungwa. Nilimkuta Mama kwenye njia ya kibanda cha sauna, akienda kuoga mvuke na gauni la kulalia, taulo begani. "Mvivu wewe, moto utazima!" akanigombeza. Vidole vyake vilikuwa vyeupe.

Nimechoka, Reino. Tangu vuli sijafika hata kanisani. Njoo hata wikiendi moja tu.

Dada yako,
Aili

Detroit, 17 Januari

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanila. Poleni sana na mshtuko.

Kosa ni langu. Ile chipu inayoendesha mota huhesabu hatua ilizoamuru, haijui kama mota imegeuka kweli. Lakini mota ikikwama hunywa umeme zaidi, basi tuupime. Kwenye kifurushi kuna rezista nene, kipande cha kukinza umeme. Inua mguu wa chipu uliotiwa wino, unaokwenda kwenye hasi, uunge rezista katikati. Waya mwekundu nilioufunga kwayo utapeleka kipimo kwenye kengele. Komeo likikwama, kengele italia hapo na kwenye simu yangu.

Wikiendi siwezi, mradi umetubana. Machi, Mungu akipenda.

Mdogo wako,
Reino

Hancock, 26 Januari

Mdogo wangu,

U mzima? Sisi tunaendelea. Nimelehemu mezani jikoni, Mama akidhani napika. "Inaungua hiyo!" akawa anapiga kelele. Halafu nikaliziba komeo kwa kidole. Likasukuma kidogo, likahisi, likaacha, likalia. Hongera, fundi.

Sikufichi, nililia na mimi. Chuma kile kimekwama mara moja tu, na tayari kina mtu wa kukisikia. Mimi nani ananipima? Machi uliisema na mwaka jana.

Dada yako,
Aili

Detroit, 6 Februari

Dada,

Hamjambo? Samahani kwa kimya; leo natumia baruapepe ikufike upesi. Simu yangu inalia tangu jana kwamba komeo limekwama. Angalia barafu. Kama hakuna, huenda risasi ya kulehemu imeachia kwenye rezista. Nikutumie nyingine?

Mdogo wako,
Reino

Hancock, 6 Februari, jioni

Reino,

Sisi wazima, na mashine nzima. Hakuna barafu. Ni kijiko cha uji cha Mama, nimekisokomeza tunduni mwenyewe.

Mimi nimekuandikia nimechoka, ukanitumia rezista. Nikakuandikia nalia, ukanyamaza. Komeo limelia siku moja tu, na barua hii hapa! Nimeburuta kochi hadi mlangoni, nalala hapo nimeuziba kwa mgongo wangu ili Mama asitoke. Kijiko sikitoi. Njoo ukitoe wewe.

Dada yako,
Aili

Mackinaw City, 7 Februari

Dada yangu,

Umeamkaje? Mama je? Nimeondoka bila kumuaga bosi. Upepo umefunga daraja la kuja huko, nimekwama upande huu pamoja na malori. Mhudumu wa mgahawa ananicheka, "Kula, kijana, daraja halikimbii." Nimesikia uchungu, dada. Nimekuonea.

Sirudi nyuma. Wakifungua nitavuka. Mwambie Mama moto wa sauna nitawasha mimi, na wewe ukalale kitandani.

Simu bado inalia mfukoni. Sijaizima.

Mdogo wako,
Reino