Tambara Nililoliacha Kwenye Gari la Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijaumbuka, na jina langu usilitaje hewani, mimi ni fundi wa AC za magari na watu wananijua. Baba mkwe wangu ana gari la zamani, limemzidi umri mke wangu, halikuja na AC na miaka yote aliliendesha vioo wazi, sasa mwaka jana nikataka kumfurahisha mzee, nikamfungia AC ya gari jingine, nikatoboa ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na wanapokaa watu ili nipitishe mipira ya gesi ya AC, tundu likawa kubwa kuliko kizibo, nikasokomeza tambara nikasema nitarudi kesho, na hiyo kesho, mshauri, haijafika mpaka leo.

Mzee alifurahi mno, akawa anafunga vioo vyote. Baada ya miezi akaanza kuumwa kichwa, kutapika, kusahau njia ya kwake mwenyewe, na kila akija kulalamika kuwa AC inaleta harufu ya moshi mimi naongeza gesi na kumwambia, "Baba, gari la zamani halikosi harufu," naye anaamini kwa sababu ni mimi. Wanawe wakaitisha kikao, wakasema akili zinamtoka, mwisho wa mwezi wamnyang'anye ufunguo. Nilikuwepo. Mzee aliangalia mikono yake akasema, "Basi wanangu, kama nimekuwa wa kuchungwa, nichungeni." Mke wangu alilia njia nzima, na mimi huyuhuyu ndiye niliyembembeleza.

Wiki iliyopita nililiendesha mwenyewe vioo vimefungwa, nusu saa tu kichwa kinagonga, nikafungua boneti, nikakuta bomba la moshi limepasuka pale linapotokea kwenye injini, tambara limeungua, tundu wazi, feni inavuta moshi wote ndani. Mzee alikuwa kasimama pembeni yangu. Nikafunga boneti nikamwambia liko salama. Nimejisemea kwamba wakishamnyang'anya ufunguo hatari itaisha yenyewe na hakuna atakayejua, lakini sili wala silali, na jana mama mkwe, anayepelekwa kliniki kwa gari hilohilo, naye kasema kichwa kinamuuma. Nifanyeje?

Fundi mwenye aibu

Mshauri anajibu:

Marahaba. Barua za wengine leo zitasubiri.

Aibu inakutafuna, naiona, na kuyasema haya kunataka moyo. Lakini wewe, watu wawili wanavuta sumu, halafu unakaa kutafuta kalamu na bahasha! Tambara ningekusamehe, kila fundi ana kesho yake. Kile kikao sikusamehei. Mzee wa watu kavuliwa heshima mbele ya wanawe kwa kosa lako, ukamtazama tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha maradhi ya mwenzio, na kifo kinamzunguka yeye.

Inuka sasa hivi, uende kwa mzee. Toa betri, gari lisiwake tena mpaka bomba libadilishwe na tundu lizibwe sawasawa, na fundi mwingine akague, maana neno lako kwa sasa halitoshi. Wapeleke wote wawili hospitali, umwambie daktari kwa kinywa chako kwamba wamevuta moshi wa gari kwa miezi, la sivyo atatibu uzee. Kama mzee atapona kabisa mimi sijui, daktari ndiye atakayesema. Kisha itisha kikao kilekile, watu walewale, useme mbele yake. Usimtume mkeo. Wakikufukuza, ondoka, na kesho yake urudi kuomba radhi tena.

Jina lako sikulitaja. Ila siwezi kuingojea miguu yako.

Mzee wangu, wewe uliyefungiwa AC na mkweo kwenye gari la zamani na sasa kichwa hakikuachi: kama uko barabarani unanisikia redioni, shusha vioo, egesha pembeni, zima injini, mteremshe na mama. Na wanao wakikuita tena, baba, usikubali neno lao lolote mpaka mkweo asimame aseme alichokifanya.