Noti Aliyoichagua Furaha

Mjukuu wangu Keza,

Gisenyi tuko salama. Bibi yako amevuka mpaka kwenda Goma kumwona dada yake.

Unauliza kwa nini niliacha bendi nikafundisha muziki kwa kompyuta. Nilipokuwa mwalimu kijana, mama mmoja alimleta binti yake, Furaha, ambaye mikono yake haikuweza kushika kitu. Nikamfunga kichwani kifaa kinachohisi mwendo, ili akisogea kompyuta itoe sauti. Ikalia mara moja, darasa likashangilia. Kisha akatulia, kimya. Nikadhani mashine imeharibika, nikanyoosha mkono kuizima.

“Acha, mwalimu,” mama yake akasema. “Mutoto iko anachagua.”

Furaha akainamisha kichwa taratibu. Ikatoka noti moja, akacheka. Noti ile ndiyo iliyonifanya niache bendi, nikabaki katika kazi hii.

Babu yako