Chupa ya Vitamini

Shoga, nimejifungia bafuni. Nimekwisha.

Unakumbuka vile vidonge vya sonona alivyonipa daktari, nikavificha kwenye chupa ya vitamini alizoninunulia mama mkwe? Vitamini zenyewe nilizimwaga siku nyingi.

Leo kanisifu mbele ya wifi. "Mwone mwenzio, vitamini zangu zimemnyanyua. Angekwenda hospitali angeitwa kichaa." Nikacheka kama zuzu.

Halafu akasema, "Zangu ziliisha, wiki nzima nadokoa kwenye chupa yake. Moyo umetulia."

Wiki nzima, shoga. Na presha yake ile.

Nikisema, mimi ndiye kichaa wa ukoo. Nikinyamaza, namuua.

Sasa anagonga mlango. "Mwanangu, nimefungua chupa mpya. Mbona hizi hazinitulizi kama zako?"