Chini ya Rangi ya Njano

Manzese, Jumanne

Mama, shikamoo.

Kifua cha Bibi kimetulia? Baridi ya Njombe ya miezi hii naijua. Mie mwili mzima, ila moyo hauna raha tangu Jumamosi, uliponiambia kwa simu kuwa boksi la umeme wa sola nililokutengenezea "linaimba kama mbu, ila taa za mashine ya kuangulia mayai zinawaka." Simu ikakata. Mpaka leo hupatikani, na simu yako unaichajia kwenye boksi hilohilo.

Mama, halikupaswa kuimba.

Ndani yake kuna koili, waya wa shaba niliouzungusha mara thelathini na nne kwenye pete ya unga wa chuma, ya njano yenye ubavu mweupe. Mafundi wa hapa pete tunaichagua kwa rangi. Njano na nyeupe ni ya kubeba umeme mwingi, basi, hakuna anayeuliza zaidi. Kabla sijafunga boksi niliipima nguvu yake: nilitaka mia moja, kipimo kikasoma mia na mbili. Nikafurahi kama mjinga. Kipimo kile hupitisha umeme kiduchu, ni sawa na kumjaribu mbeba magunia bila gunia.

Simu ilipokata nikazungusha waya kwenye pete iliyobaki, nikaipitishia umeme wa betri, ampea moja moja, huku napima. Ampea tatu, kipimo mia moja. Nne, tisini na nne. Tano, arobaini na moja. Sita, haishikiki kwa moto. Taa zako zinavuta nane.

Nikaikwangua kwa kisu. Chini ya njano, nyeusi tupu: pete ya aina nyingine, imepakwa rangi tu. Nikampelekea Salum, muuza vipuri aliyeniuzia.

"Sista, siku hizi unapima mpaka rangi?"

"Hebu angalia, Salum."

Akaigeuza, kicheko kikaisha. "Wallahi na mie nimeuziwa. Nilijua njano ni njano."

Nimgombeze nani? Aliyepima nusu ni mie.

Ningekuja mwenyewe. Lakini maboksi mengine sita yenye pete hizo yako kwenye nyumba za watu, Kiwalani mpaka Boko, nayafuata kabla hayajawasha moto. Kwenye kifurushi hiki kuna koili mpya, nimeipima mpaka ampea kumi na mbili, haikutetereka. Mwanao Festo aichomelee mahali pa ile ya zamani. Shule mlimpeleka yeye, mie nikajifunza kwa kuunguza vidole. Leo mikono ninayoitegemea ni yake.

Leo mayai yamefika siku ya kumi na saba kati ya ishirini na moja. Basi linaloleta kifurushi likifika kesho, kumi na nane. Yako mia na ishirini, na themanini kati yake ni ya akina mama wa kikundi chako. Saa chache za baridi yai linavumilia. Siku tatu, hesabu yake naijua, sitaki kuiandika.

Kama bado yana uvuguvugu, yafunike na blanketi langu la kijivu, uweke madumu ya maji ya moto pembeni. Kama yamepoa, usiwaambie wenzio jua lilikuwa hafifu. Waambie binti yako alipima vibaya. Nitaje jina.

Nisalimie Bibi, na Shangazi aliyetoa kuku wake wawili watage mayai ya kuweka kwenye mashine. Festo mwambie naomba, sijasema naamuru.

Ni mimi mwanao, ninayepiga namba yako kila saa,
Tumaini