Siku Uliyojiandikia Kosa Lako Mboko

Baba yangu mpendwa,

Jumamosi tulimaliza kilio chako, na mimi nilisimama nikaongea mbele ya watu wote. Naona unavyonitazama, ukingoja niseme kwamba natania. Ni mimi kweli, yule ambaye akiitwa ubaoni alisahau hata jina lake. Ulikuja shuleni siku ya wazazi ukanisikiliza nikisoma kwa sauti ya kunong'ona, na tulipokuwa tunarudi ukaniambia, "Binti yangu, we ukikuwa shahidi siku moja, nitakuja kukaa karibu na mudomo yako." Ukacheka peke yako mpaka nyumbani.

Baba Mdogo ndiye aliyenichagua. Alisema nimemaliza shule, nina diploma, basi niseme kwa niaba ya watoto. Nikamwambia nitasimulia habari ya Mboko. Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Ile hapana. Bakubwa ba polisi batakuwa pale, na pasta pia. Unataka baende kusema ndugu yangu alifunga muntu bure?"

"Lakini alimufunga, Baba Mudogo."

"Sema alikuwa baba muzuri. Sema bezi balikuwa banamuogopa. Kisha ukae."

Nikachukua kikombe chake nikakiosha. Lakini siku nne zilizobaki mpaka Jumamosi sikuwaza kitu kingine. Kama nisingeisema, hakuna mwingine ambaye angeisema, maana kwetu ni mimi tu niliyekuwepo kule Mboko.

Kusema ulikuwa baba mzuri kungekuwa rahisi. Kila Jumapili jioni ulitupigia pasi mashati ya shule, ukikaa nje na ile pasi ya makaa, ukiyapuliza majivu mbali na kitambaa. Majirani wakipita walikuchokoza: "Inspekta, bibi iko wapi?" Ukawajibu, "Iko anapumzika. Kesho mulete na zenu."

Na sukari ilipopungua bila mtu kukiri, hukutupiga. Ulituita mmoja mmoja kwenye kiti cha karibu na mlango, ukaandika maneno ya kila mtu kwenye daftari, kisha ukamsomea polepole. "Ni maneno yako? Kuna kitu nimeacha?" Mama alikuwa anasema, "Lakini kazi uache kwa biro," yaani ofisini. Nawe ukamjibu kama unavyomjibu mkubwa wako wa kazi, "Chef, hii ndiyo biro kubwa." Bahati wetu mdogo aliwahi kukiri kosa ambalo hakulifanya, kwa kupenda tu kile kiti. Mimi pia nilikipenda. Hakuna mahali pengine ambapo mtu aliningoja mpaka nimalize sentensi.

Kazini ulifanya vilevile. Watu waliokuja kilioni walituambia kwamba ukishaandika PV, ile karatasi ya maneno ya mtu, ulimsomea kwa lugha yake, kama ni Kibembe, kama ni Kirundi, kama ni Kinyarwanda, na hukumwomba alama ya kidole mpaka akubali kwamba ni yeye aliyesema hivyo.

Ndiyo maana ile ya Mboko ilikuuma sana.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mota ya boti iliibwa Mboko, na kesi ikaletwa kituoni kwenu Baraka pamoja na mvuvi mmoja, Baba Neema, Mrundi aliyekimbilia huko tangu ujana wake. Ulimuuliza usiku ule alikuwa wapi. Akasema alikuwa ziwani. Wewe ulizaliwa kando ya ziwa hili. Ulijua kwamba mwezi ukiwa mkubwa, kama ulivyokuwa usiku ule, taa hazivuti ndakala, dagaa wetu. Mitumbwi inavutwa nchi kavu na wanaume wanashona nyavu. Ukaona anadanganya. Hukumuuliza alikuwa anafanya nini huko ziwani, naye kwa kukuogopa hakujieleza zaidi. Akakaa siku tano ndani ya kasho, chumba cha mahabusu.

Siku ya sita mama mmoja akafika ofisini kwenu na mtoto mchanga mgongoni. Alisema mvua ilikuwa imekata barabara, uchungu ukamshika, na Baba Neema akampeleka hospitali ya Nundu kwa mtumbwi akajifungue. Alipiga kasia mpaka asubuhi.

Ulimfungulia saa ileile. Wenzako walisema mambo yameisha, na mtu mwenyewe aliondoka akikushukuru. Jumapili ulivaa shati jeupe la kanisani, ukamwambia Mama mbele yetu sote: "Ni mimi nilikosa. Niliona najua ziwa." Kisha ukanipandisha kwenye moto, pikipiki yako, tukaenda Mboko. Sijui kwa nini ulinichukua mimi. Njia nzima harufu ya mihogo iliyoanikwa kando ya barabara ilitufuata.

Watoto wanne wa Baba Neema walikuwa wamesimama ukutani. Neema, mkubwa wao, alikataa kunitazama. Baadaye nilijua kwamba shuleni walikuwa wanawaita watoto wa mwizi. Walikuletea kiti, ukakataa kukaa. Ukatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa PV, Baba, na uliyeandikwa ndani yake ni wewe. Uliisoma kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili ili majirani wote wasikie: kwamba ulimfunga mtu bila kumuuliza vizuri, kwamba hakuiba, kwamba watoto wake wana baba asiye na deni kwa yeyote. Kisha ukamuuliza kama ulivyotuuliza sisi: "Ni maneno ya kweli? Kuna kitu nimeacha?"

Nilidhani atasema yameisha, maana ndivyo watu wanavyowajibu wakubwa.

"Uliacha," akasema. "Siku ya pili bibi yangu alileta chakula. Balimufukuza. Alitoka hapa mpaka Baraka na miguu."

"Hiyo sikuijua."

"Sasa unajua. Andika."

Hapakuwa na meza. Ukapiga goti moja kwenye udongo na shati lile jeupe, ukaweka karatasi juu ya paja, ukaandika. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Leo polisi ndiye anashitakiwa," watu wakacheka, nawe ukacheka kidogo bila kuinua kichwa.

"Soma tena," Baba Neema akasema.

Ukasoma tena, pamoja na chakula na safari ya mke wake. Baba Neema akaweka kidole. Wewe ukatia sahihi chini yake, ukamwachia karatasi.

Mpaka siku ile nilidhani ukubwa wako ni vile watu walivyokupisha sokoni. Tulipopanda moto kurudi, niliogopa kukushika kiunoni. Niliona kama nimepakiwa na mtu ambaye sijawahi kumfahamu vizuri.

Basi Jumamosi nikasimama. Nikaanza na mashati na pasi, kama nilivyoagizwa. Mtu akasema, "Hatusikie." Nikapandisha sauti, na ilipopanda nikaona sina sababu ya kuishusha, nikaingia Mboko. Baba Mdogo alikohoa mara mbili. Sikumtazama. Nilitazama miguu ya pasta mpaka nikamaliza yote. Hakuna aliyepiga makofi. Nikakaa.

Baadaye Baba Mdogo alinikuta kwenye pipa la maji. Nilingoja anigombeze.

"Yule bibi balimufukuza na chakula, kweli?"

"Kweli."

"Na akaandika hiyo pia? Mbele ya batoto?"

"Mbele yao, Baba Mudogo."

Akachota maji, akanawa uso. "Huyo muntu iko hapa?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Baba Neema alikuwa amekaa peke yake kando ya masufuria, na hakuna aliyejua ni nani. Baba Mdogo, ambaye nyumbani kwetu hajawahi kujipakulia, akachukua sahani mbili za bugali na samaki, akapita mbele ya wakubwa wote wa kazi yako, akaenda kukaa chini pamoja naye. Sikusikia walichosema. Walikula mpaka watu wengine wakaanza kukunja mahema.

Mama ameanza kulala usingizi kamili tena. Bahati anavaa saa yako, inamzunguka mkono. Pumzika, Baba, sisi huku bado tunakushangaa.

Binti yako wa pili